Baraza Ndani ya Mtambo: Jinsi Kanuni za Chombo Zinavyoongoza Mazungumzo ya Watu

Katika miji ya kale ya mwambao, kama vile Lamu, Mombasa na Unguja, nyumba nyingi zimejengewa baraza za mawe mbele ya mlango. Baraza hizo ni sehemu ya nyumba, lakini pia ni mahali pa watu wa nje: jirani hupumzika hapo, mgeni huulizwa habari, wazee huzungumza mambo ya mtaa. Umbo la baraza lenyewe huongoza mazungumzo. Kwa kuwa watu huonana uso kwa uso, anayesema hujulikana. Kwa kuwa nafasi ni ndogo, wasemaji hawawi wengi mno. Na kwa kuwa neno likishatamkwa halibaki mahali popote ila katika kumbukumbu za waliolisikia, anayetaka kulipeleka mbali hana budi alibebe mwenyewe.

Siku hizi sehemu kubwa ya mazungumzo ya namna hiyo imehamia katika simu. Kuna vikundi vya ukoo, vya watu waliosoma pamoja, vya michango ya harusi na misiba, vya wazazi na walimu. Watu wengi hudhani kwamba sura ya mazungumzo hayo hutokana na tabia za wazungumzaji peke yake: wakweli huleta kweli, na wazushi huleta uzushi. Dhana hiyo ina ukweli, lakini haujakamilika. Historia ya mitambo ya mawasiliano yaonyesha kwamba kila chombo cha kuzungumzia kina kanuni zake zilizojengwa ndani yake: nani aweza kuandika, nani aweza kufuta, jina laonekana au halionekani, na ujumbe waweza kwenda umbali gani. Kanuni hizo ziliamuliwa na watu, nazo zaweza kuamuliwa vinginevyo.

MASHINE YA KUFUNDISHIA YAGEUKA KUWA BARAZA

Mwaka 1960, katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, Donald Bitzer na wenzake walianza kuunda mtambo wa kompyuta wa kufundishia, ulioitwa PLATO. Nia yao ilikuwa kwamba mwanafunzi akae mbele ya kioo, asome somo, ajibu maswali kwa kubonyeza vibonye, na mashine imsahihishe papo hapo. Kioo bapa cha plazima, ambacho miaka mingi baadaye kilikuja kutumika katika televisheni, kilibuniwa mwaka 1964 kwa ajili ya mtambo huo. Katikati ya miaka ya 1970, mamia ya vioo vya PLATO vilivyokuwa katika vyuo na shule mbalimbali viliunganishwa na kompyuta kubwa moja.

Mtambo huo haukupangwa kuwa mahali pa kuzungumzia. Hata hivyo, watumiaji walihitaji kuwaarifu mafundi juu ya kasoro walizoziona. Mwanzoni waliandika taarifa zao katika faili moja iliyokuwa wazi kwa wote. Mara yakazuka matatizo matatu. Kwanza, hapakuwa na hakika ya nani aliandika nini. Pili, mtu yeyote aliweza kufuta au kubadili maneno ya mwenzake. Tatu, ni mtu mmoja tu aliyeweza kuandika kwa wakati mmoja.

Mwaka 1973, kazi ya kutafuta dawa ya matatizo hayo alipewa kijana wa miaka 17, David Woolley. Programu aliyoiandika, iliyoanza kutumika mwezi Agosti mwaka huo, iliitwa Notes, yaani maandishi mafupi. Kanuni zake zilikuwa chache. Kila andiko liliwekewa tarehe na utambulisho wa mwandishi na mtambo wenyewe. Mtu mwingine hakuweza kulibadili. Na chini ya kila andiko paliachwa nafasi ya majibu yaliyopangwa kwa mfuatano, hadi majibu 63.

Kilichofuata hakikutazamiwa. Chombo kilichoundwa kwa ajili ya kupokea taarifa za kasoro kilianza kujaa maswali, mabishano, mizaha na ushauri. Mnamo mwaka 1976 programu hiyo ilipanuliwa ili vikundi viweze kuwa na mahali pao pa kuzungumzia mambo waliyoyapenda, kama vile vitabu, muziki, filamu na dini. Katika mwaka ule ule wa 1973, kijana mwingine, Doug Brown, aliandika programu iliyowawezesha watu watano kuzungumza kwa wakati mmoja. Kioo kiligawanywa sehemu tano, na kila herufi ilionekana kwa wote mara tu ilipobonyezwa, hata ile iliyokosewa na kufutwa.

Msomaji na azingatie tofauti ya zana hizo mbili. Katika ile ya kwanza, mwandishi aliweza kufikiri kabla ya kuweka neno lake mbele ya watu, na neno hilo lilibaki. Katika ile ya pili, wenzake waliona hata kusitasita kwake, na maneno yakapita kama yapitavyo mazungumzo ya barazani. Mashine zilikuwa zile zile, na watu pengine wale wale. Kilichotofautiana ni kanuni.

UBAO WA MATANGAZO WA BERKELEY

Mwezi huo huo wa Agosti 1973, katika mji wa Berkeley, jimbo la California, palianzishwa jaribio la namna nyingine. Lee Felsenstein, Efrem Lipkin na wenzao waliweka mashine ya teleprinta juu ya ngazi za duka la sahani za santuri, karibu na ubao ambapo wanamuziki walizoea kubandika matangazo. Kwa njia ya waya wa simu, teleprinta hiyo iliunganishwa na kompyuta kubwa iliyokuwa San Francisco, ng'ambo ya ghuba. Iliandika herufi 10 tu kwa sekunde, na kelele zake zilikuwa nyingi hata ikabidi ifunikwe kwa sanduku la karatasi ngumu lenye matundu ya kupitishia mikono. Mradi huo uliitwa Community Memory, maana yake kumbukumbu ya jamii.

Ubao huo wa kompyuta haukumdai mtu jina. Aliyetaka kuweka tangazo alitumia agizo moja, na aliyetaka kutafuta alitumia jingine. Kila mwandishi alichagua mwenyewe maneno machache ya kutambulisha tangazo lake, mathalani nyumba, gari au gitaa, na kwa maneno hayo wengine wakalipata. Waanzilishi walitarajia kwamba watu watatafuta makazi, kazi na usafiri. Watu walifanya hivyo, lakini pia walileta mashairi, mabishano ya siasa na maswali ya kila siku. Mtu mmoja aliuliza mahali pa kupata mikate mizuri ya mviringo iitwayo bagel. Miongoni mwa majibu aliyopata lilikuwamo la mtu aliyejitolea kumfundisha kuioka.

Hapa kanuni ya kutotaja jina ilizaa matunda ya aina mbili. Iliwapa uhuru watu wasiojuana kuanza kuzungumza bila woga. Wakati huo huo ilimfungulia mlango kila mwenye kupenda kuandika vioja kwa jina la kubuni, naye asijulikane kamwe. Jaribio lile la kwanza lilikoma mwaka 1975, kwani kompyuta iliyotumika ilikuwa ghali na haikuweza kupanuliwa. Mradi ulipofufuliwa katika miaka ya 1980, mashine zake zilitumia sarafu: kusoma kulikuwa bure, lakini kuongeza maoni kulitozwa senti 25. Malipo hayo yalikuwa kanuni nyingine. Asomaye hakuzuiwa, bali aandikaye alilazimika kujiuliza kama neno lake lastahili senti hizo.

BARAZA ISIYO NA MWENYEWE

Mitambo hiyo miwili ilikuwa na kompyuta moja katikati, na kwa hiyo ilikuwa na mwenyewe. Mwaka 1979, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Tom Truscott na Jim Ellis, walibuni mpango usio na kitovu, ulioanza kazi mwaka 1980 kwa jina la Usenet. Kila kompyuta iliipigia simu kompyuta ya jirani, zikabadilishana maandishi mapya, kisha jirani naye akayapitisha kwa majirani zake. Andiko moja liliweza kuzunguka vyuo vingi bila mtu yeyote kulisimamia.

Kwa kuwa hapakuwa na mwenyewe, adabu ya mazungumzo ilitegemea mafunzo. Kila mwezi Septemba, wanafunzi wapya walipoingia vyuoni, kelele ziliongezeka. Wenyeji waliwaelekeza: usirudie swali lililokwisha kujibiwa, soma kwanza orodha ya maswali ya kawaida, usimtukane mwenzako. Baada ya wiki chache utulivu ulirejea. Lakini kuanzia mwaka 1993 kampuni zilizouza huduma za mtandao kwa umma zilipoanza kufungua njia, wageni waliingia kila siku badala ya mara moja kwa mwaka. Wenyeji hawakuwahi kumaliza kuwafundisha wa jana kabla ya kuwasili wa leo. Wazee wa mtandao huo waliuita wakati ule Septemba isiyokwisha.

Kiini cha jambo hilo ni hesabu. Katika kikundi cha watu 5 kuna jozi 10 za watu waweza kuzungumza wawili wawili. Darasa la wanafunzi 40 lina jozi 780. Kikundi cha simu chenye watu 256 kina jozi 32,640. Idadi ya watu ikiongezeka maradufu, idadi ya jozi huongezeka karibu mara nne. Ndiyo sababu desturi inayotosha katika kikundi kidogo haitoshi katika kikundi kikubwa, hata kama watu wote ni wema.

HESABU YA UVUMI

Umuhimu wa kanuni ulionekana kwa uchungu mwaka 2018 nchini India. Uvumi juu ya watekaji wa watoto ulisambaa kwa simu, na makundi ya watu wenye hasira yakawaua watu wasio na hatia. Mwezi Julai mwaka huo, WhatsApp ilitangaza kujaribu mpaka mpya: nchini India mtu asiweze kupeleka ujumbe aliopokea kwa zaidi ya mazungumzo 5 kwa mara moja, na katika nchi nyingine 20. Mwezi Januari 2019 mpaka wa 5 uliwekwa duniani kote.

Nguvu ya mpaka huo yaweza kupimwa kwa penseli na karatasi. Tuseme kila mpokeaji huupeleka uvumi kwa watu wengine 20, wote wapya, na kila hatua huchukua saa moja. Baada ya saa ya kwanza hatua hiyo itakuwa imewafikia watu 20, ya pili 400, ya tatu 8,000, na ya nne 160,000. Kwa mpaka wa 5, hesabu ni 5, 25, 125, na katika saa ya nne ni 625 tu. Hata hivyo uvumi haujakoma. Katika saa ya nane utawafikia watu 390,625. Mpaka umechelewesha jambo, haukulizuia. Tena, ikiwa kila mazungumzo ni kikundi cha watu wengi badala ya mtu mmoja, mwendo huwa mkali zaidi.

Saa hizo za kuchelewa zina thamani kubwa. Ndani yake mwalimu, mganga au mwenyekiti wa mtaa aweza kuchunguza na kuleta habari sahihi. Mwezi Aprili 2020, wakati wa ugonjwa wa UVIKO-19, kampuni hiyo iliongeza kanuni nyingine: ujumbe uliokwisha kupita mikono mitano au zaidi ungeweza kupelekwa kwenye mazungumzo mamoja tu kwa mara moja. Aliyetaka kuwapelekea wengi alilazimika kurudia kazi hiyo kila mara. Baadaye mwezi huo huo kampuni ilieleza kwamba kusambaa kwa ujumbe wa namna hiyo kulipungua kwa asilimia 70. Hakuna mtu aliyenyimwa uhuru wa kusema. Kilichoongezwa ni hatua chache za kidole, na hatua hizo zilitosha kumpa mtu nafasi ya kusita.

JARIBIO LA DARASANI

Walimu wanaweza kuwaonyesha wanafunzi mambo haya bila kompyuta wala simu. Kinachohitajika ni karatasi tatu kubwa za kubandika ukutani, penseli, kalamu za wino, kifutio na wiki tatu.

Katika wiki ya kwanza wanafunzi waandike maswali na majibu juu ya masomo yao kwa penseli, bila majina, na kila mmoja aruhusiwe kufuta maandishi yoyote. Katika wiki ya pili waandike kwa wino, wakitia jina na tarehe, na kila jibu liwe chini ya swali lake. Katika wiki ya tatu majina yaachwe, lakini kila swali liwe na maneno mawili ya kulitambulisha, na hakuna aruhusiwaye kufuta isipokuwa mwanafunzi mmoja aliyechaguliwa na darasa.

Kila siku wahesabu maswali yaliyoulizwa, yaliyojibiwa, majibu yaliyo sahihi na maandishi yaliyofutwa. Mwishoni wachore jedwali na kulijadili. Je, ni wiki gani wanafunzi waoga waliuliza zaidi? Ni wiki gani majibu yalikuwa sahihi zaidi? Je, aliyechaguliwa kufuta alitumia kipimo gani, na nani alimpa kipimo hicho?

Darasa likikubaliana juu ya majibu, lijitungie kanuni za karatasi ya wiki ya nne, kisha liwe tayari kuzieleza sababu zake. Hilo ndilo swali linalopaswa kuulizwa pia juu ya kila kikundi cha simu ambacho mtu anajiunga nacho: kanuni zake ni zipi, nani aliziweka, na wanaozifuata waweza kuzibadili kwa njia gani.