Bakora Haikumtuliza

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee wetu. Nami ujanani, nilipokuwa nikimsaidia mwalimu wetu wa chuo kusomesha wadogo, msemo huo niliushika pamoja na bakora. Alikuwapo mtoto mmoja hakai kitako. Wenziwe wakikariri sura, yeye yu dirishani anahesabu majahazi. Nilimchapa mara nyingi, wala hakutulia. Mwishowe akatoroka, chuoni hakurudi tena.

Yote hayo niliyasahau, hata juzi nilipokwenda Machakos kumjulia hali binti yangu aliyeolewa huko. Mwanawe ana miaka tisa, na shuleni wameandika kuwa ni mvivu. Kila jioni huja msichana wa Kikamba, mwanafunzi wa saikolojia, kumsomesha tuisheni. Nilikaa pembeni nikamtazama.

Hakumwambia "Tulia!" hata mara moja. Alimpa hesabu tatu, si ukurasa mzima. Alipokwisha alimtuma akalete maji, kisha akampa tatu nyingine. Agizo alilitoa moja moja, akimtazama usoni. Juu ya meza hapana kitu ila daftari na kalamu.

"Mwalimu," nikamwuliza, "huku si kumdekeza?"

"La, babu. Kutaka anataka, kinachomshinda ni kuishika akili yake mahali pamoja. Lakini mimi si daktari. Jina la tatizo lake atalitaja daktari."

Jibu hilo lilinipendeza. Tatizo hili la upungufu wa umakini si jambo la jana. Mwaka 1902, daktari Mwingereza George Still aliwahutubia wenzake mjini London juu ya watoto wenye akili timamu wasioweza kujizuia. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani wakaliingiza kitabuni mwao kwa jina la upungufu wa umakini. Wala si kila mtoto mchangamfu analo. Daktari hutazama kama dalili zimedumu miezi sita au zaidi, kama zilianza kabla ya miaka 12, na kama zinaonekana nyumbani na shuleni pia. Macho na masikio yapimwe kwanza, maana asiyesikia naye huonekana mkaidi. Dawa zipo, lakini ni za kuandikwa na daktari, si za kununuliwa dukani kwa kukisia.

Kenya ilipiga marufuku bakora shuleni mwaka 2001. Majumbani na katika vyuo vyetu je?

Usiku ule usingizi haukuja. Niliwaza kwamba yale ya msichana yule hayakuwa mageni kwetu. Chuoni tulipewa aya chache kwa siku, tukaziandika kibaoni. Tulisoma tukiyumba, mwili nao ukisoma. Kisha kila mtoto akenda peke yake mbele ya mwalimu, akasikilizwa. Wazee walikwisha jua kwamba fungu liwe dogo, mwili usifungwe, na mtoto asikilizwe. Mimi niliyaacha hayo matatu, nikaishika bakora.

Mtoto wangu yule wa dirishani sasa ni mtu mzima. Nasikia anavua huko Vanga, na ni nahodha hodari wa kusoma upepo. Nikijaaliwa, mwezi ujao nitakwenda kumwomba radhi.