Chikungunya: Neno la Kimakonde na Safari Yake Ulimwenguni

Maandishi kadhaa ya utabibu hudai kwamba chikungunya ni neno la Kiswahili. Dai hilo si sahihi. Neno hili ni la Kimakonde, nalo liliingia katika taaluma ya tiba kufuatia mlipuko wa homa wa mwaka 1952 na 1953 katika uwanda wa juu wa Makonde, wilayani Newala, kusini mwa Tanganyika. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden, walioieleza homa hiyo mwaka 1955, walilitwaa jina walilolitumia wenyeji.

Aghalabu neno hilo huhusishwa na kitenzi kungunyala, chenye maana ya kujikunja au kukauka. Kiambishi chi- ni mwenza wa ki- ya Kiswahili: Mmakonde husema Chimakonde, Mswahili husema Kimakonde. Kwa hiyo jina lenyewe ni maelezo ya dalili, kwani viungo humuuma mgonjwa hata akatembea ameinama. Vifo ni vichache, lakini maumivu huweza kudumu kwa miezi, pengine miaka.

Virusi vya ugonjwa huu huenezwa na mbu wa jamii ya Aedes, waumao mchana na kuzaliana katika mitungi na vyombo vyenye maji. Mwaka 2004 uliikumba Lamu, ambako uchunguzi wa damu ulionyesha kuwa takriban robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Kutoka pwani hiyo ulifika Komoro, na katika kisiwa cha Réunion, mwaka 2005 na 2006, uliwapata kama theluthi moja ya watu. Huko virusi vilipata badiliko lililovirahisishia kuenezwa na mbu Aedes albopictus. Baadaye ulifika India, Italia mwaka 2007, na visiwa vya Karibi mwishoni mwa 2013.

Kiswahili nacho kina sehemu yake katika historia hii. Wako wataalamu wanaolihusisha jina dengue na dinga pepo, homa iliyoenea Unguja mwaka 1870. Hata hivyo, mwaka 1971 Donald Carey alitoa hoja kwamba homa hiyo yamkini ilikuwa chikungunya yenyewe.

Hivyo basi, kuliita neno hili la Kiswahili si kosa dogo la kamusi. Ni kuwanyima Wamakonde sifa ya kuutambua ugonjwa kwa dalili yake kuu, na kuuita kwa lugha yao, kabla ya maabara kuvitenga virusi vyake.