Mti wa Kuni Nao Una Gharama Zake

Mara kwa mara wananchi wa visiwa hivi wamehimizwa kupanda miti ya kuni. Wito huo ni mwema, nasi tunauunga mkono. Hata hivyo, mwenye kuhimiza hana budi kuhesabu pia, kwani mkulima huhesabu; na akiona hesabu haimlipi, huliweka jembe chini bila ya kumwambia mtu.

Tuanze na lililo wazi. Waya wa umeme uliolazwa chini ya bahari kutoka Bara hadi Unguja mwaka 1980, na ule wa Tanga hadi Pemba mwaka 2010, umetuletea taa, haukuondoa mafiga. Gesi nayo imepata nafasi yake, hasa mjini, lakini katika nyumba nyingi chungu bado kinainjikwa juu ya kuni au makaa. Kuni hizo kwa sehemu kubwa hutoka uwandani na katika mikandaa ya pwani, yaani katika miti ambayo hakuna mtu aliyeipanda.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Mkata kuni wa uwandani hulipia shoka lake, jasho lake na gari la ng'ombe la kuchukulia mzigo. Mti wenyewe haulipii. Kwa hiyo bei ya polo la makaa sokoni ni bei ya kukata na kuchukua tu. Mkulima aliyepanda miti yake huingia katika soko hilo hilo, naye amebeba gharama ambazo mwenzake hakuzijua kabisa.

Gharama hizo ni zipi? Eka moja ikipandwa kwa nafasi ya mita mbili kila upande huhitaji miche ipatayo 1,000. Yapo mashimo 1,000 ya kuchimbwa, na penye mawe kazi hiyo si ya jembe bali ya mtaimbo. Kuna kupalilia kwa miaka miwili ya mwanzo, maana majani huusonga mche mchanga, na kuna kulinda mbuzi na ng'ombe. Baada ya hapo ni kungoja. Shilingi 100 zilizokopwa kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka huwa shilingi 161 ifikapo mwaka wa tano, na katika miaka hiyo mitano shamba la muhogo lingekwisha kuvunwa zaidi ya mara moja.

Aina ya mti nayo hubadili hesabu. Mvinje huvumilia mchanga na upepo wa chumvi, lakini kisiki chake kwa kawaida hakichipui vyema; kila baada ya kuvuna mkulima hurudi kununua miche na kuchimba mashimo. Mlusina na mkaratusi huchipua, hivyo gharama ya kupanda mara moja hugawika katika mavuno kadhaa. Lakini mkaratusi hunywa maji mengi, na haufai kuwekwa karibu na kisima.

Mavuno yenyewe ndiyo mzigo mzito. Mti mbichi karibu nusu ya uzito wake ni maji. Anayeusafirisha siku ile ile aliyoukata analipa nauli ya maji. Akichoma makaa kwa tanuu la udongo la kienyeji, kilo 100 za kuni kavu humpa kilo 10 hadi 20 tu za makaa. Nguvu nyingi ya mti wake hupaa na moshi.

Watasema baadhi ya maofisa kwamba Serikali inaweza kutoa miche bure. Jambo hilo lina faida, lakini mche ni sehemu ndogo tu ya gharama tulizozitaja. Tunapendekeza mambo matatu zaidi.

Kwanza, mkulima awe na hakika na mti wake. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 wananchi waligawiwa ardhi eka tatu tatu, na desturi yetu tangu kale hutofautisha mwenye mti na mwenye ardhi. Haki ya aliyepanda iandikwe kwa sheha, na mwenye kuvuna mti alioupanda asisumbuliwe kwa vibali kana kwamba ameuiba msituni.

Pili, kodi na ushuru vielekezwe kwa kuni za uwandani na mikandaa, ili anayekata asichokipanda naye alipie mti. Sheria ya misitu Nambari 10 ya mwaka 1996 imekwisha kuvipa vijiji nafasi ya kusimamia misitu yao kwa makubaliano. Vijiji visaidiwe kuitumia.

Tatu, mabwana shamba wafundishe kupanda muhogo au kunde baina ya mistari katika mwaka wa kwanza, kukausha kuni kabla ya kuzichukua, na kuchoma makaa kwa matanuu yenye hasara ndogo.

Mambo haya yasipotengenezwa, tutaendelea kupanda miti siku za sherehe na kukata mikandaa siku zilizobaki. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na safari hii anayepaswa kuinama kwanza si mkulima.