Yai na Maji ya Chumvi

Mtoto aulizaye jikoni, "Mama, mbona hivi?" mara nyingi huambiwa, "Nyamaza, nenda nje." Afadhali apewe yai.

Twaa bilauri ya maji matamu, mtoto atie polepole yai bichi lililotagwa karibuni. Litazama. Sasa mwulize: tukitia chumvi itakuwaje? Akisie kwanza, wala usimpokonye neno lake. Kisha litoeni, mkoroge chumvi vijiko vitatu vikubwa hata iyeyuke, mlirudishe. Litaelea.

Sababu ni hii: yai ni zito kuliko maji matamu ya kiasi kile kile, bali maji yaliyoshiba chumvi ni mazito kuliko yai, nayo hulichukua juu. Walio pwani wajaribu maji ya bahari. Yai jipya litazama humo pia, maana lita moja ina chumvi gramu 35 tu hivi. Bahari ya Chumvi, itajwayo katika habari za Ibrahimu na Lutu, ina zaidi ya gramu 300, hata mtu huelea bila kuogelea.

Yai likielea katika maji matamu, ni la zamani: unyevu wake umetoka katika vitundu vya ganda, hewa ikaingia. Livunjeni katika bakuli peke yake, mlinuse.

Maji yale ya chumvi yaanikeni juani katika sahani pana, mbali na wadogo, maana mtoto akiyanywa yatamdhuru. Baada ya siku kadhaa chumvi itaonekana imerudi. Wapeni mbuzi wairambe.