Dawa sio feki, lakini imeharibika: utaijuaje?

Vijana wenzangu wa nyanya, kahawa na maharage, nikipita Bukoba na Muleba swali ni lilelile: "Afisa, nitajuaje kama dawa ni feki?" Swali zuri. Ila hata dawa halisi inaweza kugeuka hatari kuliko lebo inavyosema.

Ndani ya chupa kuna kiambato amilifu, yaani ile sumu inayoua mdudu au ukungu, pamoja na mabaki kidogo ya kiwandani. Mabaki hayo yana kiwango chake. Dawa ikitengenezwa vibaya au ikikaa kwenye joto, yanaongezeka, na mengine ni makali kuliko dawa yenyewe.

Mwaka 1976 huko Pakistan, wapuliziaji wa malathioni kwenye kampeni ya malaria waliugua takriban 2,800 kati ya 7,500, na 5 wakafariki. Ndani ya dawa ilikutwa isomalathioni, ambayo inauzuia mwili kuivunja malathioni. Tena walikuwa wanaishika dawa bila kinga ya kutosha.

Kwetu mfano wa karibu ni mankozebu ya nyanya. Ikipata unyevu na joto inavunjika na kutoa ETU, kemikali inayodhuru tezi ya shingo. Na nguvu ya dawa inashuka: hela imekwenda, ukungu upo palepale.

Kabla ya kulipa, angalia:

- Lebo ina namba ya usajili, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha?
- Muhuri haujaguswa? Dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya soda achana nayo, hata kama bei ni poa.
- Unga umeganda mabonge? Dawa ya maji imejitenga na hairudi ukitikisa? Kopo limevimba? Usichukue.
- Imepangwa juani au chini ya bati la moto? Nenda duka lingine lenye kibali.

Usinuse wala kuonja kupima ubora. Na tuelewane: dalili hizi zinakusaidia kukataa dawa mbovu, hazithibitishi kuwa dawa ni salama. Uchafu wenyewe hauonekani kwa macho, unapimwa maabara. Ukiwa na shaka usipulizie. Iache kwenye kopo lake, tunza risiti, mwite afisa ugani wa kata ili TPHPA wajulishwe. Usiimwage mtoni wala ziwani.

Ukipulizia ukaanza kutoka jasho jingi, mate kujaa au kuona ukungu machoni, kimbia hospitali na kopo mkononi. Daktari atahitaji lebo.