Ulevi na Mtu Arudiaye Makosa

Mfungwa atokapo gerezani, jamaa zake hujiuliza: Je, atarudi tena? Mahakimu na wakuu wa magereza nao wana swali hilo hilo, na katika nchi kadha wametafuta njia ya kulijibu bila ya kubahatisha.

Njia moja ijulikanayo sana ilitungwa na Bwana Don Andrews na Bwana James Bonta, wataalamu wa elimu ya nafsi wa nchi ya Kanada, ikachapishwa mwaka 1995. Ofisa hukaa na mkosaji na kumwuliza habari za maisha yake, kisha hujaza fomu yenye mambo 54. Kila jambo lionyeshalo hatari huhesabiwa alama moja. Mambo 9 kati ya hayo yahusu pombe na dawa za kulevya.

Yafaa tuyaangalie maswali yenyewe. Haiulizwi tu kama mtu hunywa, maana wako wengi wanywao wasimdhuru mtu. Huulizwa: Je, ulevi ulimsumbua zamani? Wamsumbua hata leo? Umemfanya avunje sheria? Umeharibu nyumba yake, kazi yake au afya yake? Ulevi wa namna hiyo ndio uhesabiwao kuwa dalili. Mtu aliyetawaliwa na kileo huweza kuiba ili apate fedha za kukinunua, au kupigana hali akili zimempotea, na mara nyingi hurudi kwa marafiki wale wale waliomponza mwanzo.

Walakini dalili si hukumu. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha. Katika watu mia wenye alama nyingi, warudiao makosa huwa wengi kuliko katika watu mia wenye alama chache. Bali fomu haiwezi kusema kwamba fulani huyu lazima atarudia. Tena ulevi haupimwi peke yake: makosa ya zamani, marafiki, kazi na makao hutazamwa pamoja nao.

Faida yake kubwa ni hii. Makosa ya zamani hayafutiki, bali ulevi waweza kuachwa. Ofisa akiutambua mapema, aweza kumpeleka mtu kwenye matibabu, na baada ya muda kumpima tena. Jamaa nao wana sehemu yao. Wampokeapo ndugu yao kutoka gerezani, wasimkaribishe kwa chupa, bali wamsaidie kupata kazi na wenzi wema.