Gesi ya maji kwenye magari ya haibridi: faida iko wapi?

MAFUTA ya gari hula sehemu kubwa ya faida ya mfanyabiashara anayezunguka kati ya Kahama, Katoro na Geita. Agosti 2022, bei kikomo ya petroli iliyotangazwa na EWURA ilifika Sh. 3,410/= kwa lita jijini Dar es Salaam. Wateja wa Kanda ya Ziwa walilipa zaidi, kwa kuwa gharama za usafirishaji huongezwa juu yake. Ndiyo maana magari ya haibridi yaliyotumika Japani, kama Toyota Aqua na Prius, yana soko. Na ndiyo maana muuza vifaa vya "gesi ya maji" hakosi wa kumsikiliza.

Vifaa hivyo hunadiwa hivi: chombo cha maji yenye kemikali hufungwa karibu na injini, umeme wa gari huyatenganisha maji kuwa haidrojeni na oksijeni, gesi huingia kwenye injini na matumizi ya petroli hushuka.

Tupige hesabu. Kifaa chenye seli 6, kinachotumia ampea 20 kwa volti 12, hula wati 240. Kwa saa moja hutoa takriban gramu 4.5 za haidrojeni, zenye nishati sawa na mililita 17 za petroli, yaani kijiko kimoja cha mezani na ushei. Ili kuzalisha umeme huo, injini ya haibridi huchoma mililita zisizopungua 80. Unatoa 80, unarudishiwa 17. Hiyo ni hasara.

Wauzaji hujibu kwamba gesi husaidia petroli iungue vizuri zaidi. Injini ya kisasa iliyo nzima tayari huunguza karibu petroli yote inayoingia.

Kwa haibridi kuna hatari ya ziada. Injini yake huzima mara kwa mara. Kifaa kisipozima nayo, huendelea kunyonya umeme wa betri kubwa ya haibridi. Baadhi ya vifaa huja na kidude cha kudanganya kompyuta ili ipunguze petroli. Injini huweza kupata joto kupita kiasi na kuunguza vali. Kemikali yenyewe ni kausti, ya jamii ile inayotumika kwenye mitambo ya kuchenjua dhahabu, na mchanganyiko wa gesi hizo hulipuka kwa cheche.

Nchini Marekani, mwaka 2009, tume ya biashara ya serikali iliishtaki mahakamani kampuni ya Dutchman Enterprises, iliyouza kifaa cha aina hii kwa ahadi ya kuongeza umbali kwa asilimia 50 au zaidi.

Anayeombwa kuwa wakala adai kwanza majaribio: njia ileile, mzigo uleule, tanki lijazwe hadi juu, mara tatu kifaa kikiwashwa na mara tatu kikizimwa. Muuzaji akikataa, mtaji ubaki mfukoni.

Akiba ya uhakika ni nafuu zaidi: matairi yenye upepo wa kutosha, na kusafisha mara kwa mara kichujio cha feni ya betri kubwa, ambacho vumbi la barabara zetu hukiziba haraka.